Uvinza mpaka Kigoma kwa baiskeli ndani ya siku moja, mwongozo kamili wa kufuata reli bila kupanda juu ya reli

Wenzetu Marekani wakikwambia wanaendesha baiskeli kwenye njia ya reli ujue wanaongelea reli iliyokufa. Iko moja jimbo la Missouri inaitwa Katy Trail, zaidi ya kilomita 380, treni ziliacha kupita wakang'oa vyuma na mataruma yanayovibeba wakamwaga changarawe laini, na kipande kirefu inaambaa na mto Missouri, we kazi yako kupiga pedeli tu hamna lori hamna mlima wa kukutoa ulimi. Sasa sisi huku reli yetu bado iko hai. Mjerumani aliifikisha Tabora 1912, Kigoma 1914, na mpaka leo treni inapita, kwa hiyo ukija na akili za Katy Trail utakutana na kichwa cha treni kwenye kona.

Lakini reli inaweza kukusaidia kwa namna nyingine, nayo ndo nimeandikia haya yote: ifanye reli iwe ramani yako. Stesheni zilipangwa kwa ajili ya treni kupishana na enzi zile vichwa vya mvuke kunyweshwa maji, na penye stesheni pakaota kijiji, penye kijiji pana mama ntilie, kisima, fundi baiskeli na mtu wa kumuuliza. Barabara ya lami ya Uvinza kwenda Kigoma inakwenda upande uleule wa reli. Mara inaikaribia mara inaiacha, na we unaendesha kwenye lami huku kichwani unahesabu stesheni. Basi.

Umbali kwanza. Uvinza mpaka Kidahwe ni kama kilomita 77, Kidahwe mpaka Kigoma mjini 28, jumla 105 hivi. Kwa mtu anayeendesha mara mbili tatu kwa wiki inawezekana kabisa, kwa mtu ambaye mara ya mwisho kapanda baiskeli akiwa darasa la sita aanze na Kidahwe-Kigoma arudi nyumbani alale.

Lini uende

Juni mpaka Septemba. Mvua zinaanza huku Novemba zinaenda mpaka Aprili, mwaka mwingine Mei, na ingawa lami haina tope mvua ya Kigoma ikikukuta porini hamna pa kujificha na radi za huku si za mchezo.

Halafu kuna suala la saa ambalo watu wa Dar linawachanganya kila siku. Sisi tuko magharibi kabisa mwa nchi lakini saa ni ileile moja, kwa hiyo mwezi wa sita na wa saba jua linachomoza saa 1 na dakika kadhaa asubuhi na linazama saa 1 usiku. Mtu anakwambia tuondoke saa 11 alfajiri, saa 11 alfajiri Uvinza ni usiku wa manane bana, hauoni hata mkono wako. Wakati mzuri wa kutoka ni saa 12 na dakika 45, kuna mwanga wa kuona lami ila jua bado. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa ambao ni wa kawaida ukiwa na mzigo ni saa 7 za kuendesha, weka na saa 3 za kula na kupumzika na kuziba pancha, unaingia mjini kwenye saa 11 jioni na bado una saa mbili za mwanga mkononi. Hizo saa mbili usizile makusudi, ndo akiba yako ikitokea la kutokea.

Baiskeli

Siyo lazima iwe ya bei mbaya. Phoenix inafika, nimewaona wazee wa Kazuramimba wanabeba mkaa gunia mbili na Phoenix kwenye mlima ambao mimi na gia zangu nilishuka nikasukuma. Ila kama una ya gia ya mtumba chukua hiyo, vilima vya kati ya Uvinza na Kidahwe vitakushukuru.

Wiki moja kabla ipeleke kwa fundi, siyo jana yake. Wiki moja ili upate muda wa kuijaribu, maana mimi fundi mmoja alinifungulia gurudumu la nyuma akasafisha golori vizuri akapaka grisi, akafunga, nikamlipa na kumshukuru, kesho yake nikaondoka nayo safari, kilomita ya 20 gurudumu linacheza kama jino bovu kumbe koni, ile nati inayobana golori, hakuibana. Spana ya koni sikuwa nayo. Nilisukuma mpaka kijiji cha mbele, na tokea siku hiyo kazi ya fundi naikagua mwenyewe: inua gurudumu lishike juu litikise kushoto kulia, likicheza rudi kwake, lizungushe likikwama kwama kabana sana, rudi kwake vilevile.

Vingine vya kuangalia. Spoku zipitishe vidole mbili mbili kama unapiga zeze, iliyolegea utaisikia sauti yake nzito tofauti na wenzake. Raba za breki ziwe na nyama. Tairi kipara usiende nalo. Cheni weka oili tone tone kwenye kila kiungo afu ufute kwa tambara, watu wanamwaga oili mpaka inachuruzika halafu vumbi linaganda inakua msasa, cheni inajila yenyewe.

Siti nayo. Asilimia kubwa ya watu wanaokwambia baiskeli inaumiza magoti siti zao ziko chini mno. Kaa juu ya siti, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unatakiwa unyooke, ndo kipimo. Ukija kukanyaga kwa mbele ya unyayo goti litakua limekunja kidogo tu.

Unachobeba

Tyubu mpya moja, viraka, solusheni (ibonyeze dukani kabla hujalipa, nyingi zimekauka ndani ya kopo), kipande cha msasa, pampu, vijiko viwili vya kutolea tairi, spana zinazoingia kwenye nati zako wewe siyo za jirani, waya mwembamba kidogo, na mipira ya kufungia mzigo iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu. Hiyo mipira usiidharau, inafunga keria, inafunga tairi lililochanika, nimewahi kuona mtu kafungia nayo pedeli akafika nyumbani.

Maji lita 4 wakati wa kuondoka. Kitambulisho cha NIDA, huu ni mkoa wa mpakani na maafisa uhamiaji wanasimamisha watu njiani, ukiwa nacho unaongea nao dakika moja unaenda zako. Hela za chenji, simu iliyojaa chaji, taa ya nyuma nyekundu. Kofia ngumu kama unayo. Shati la mikono mirefu, na rangi yake iwe ya kahawia au kijivu au hata nyeupe, usivae bluu wala nyeusi kwa sababu mbung'o anavutwa na rangi hizo na anapenda kufukuzia kitu kinachotembea, we ndo kitu chenyewe. Anauma juu ya nguo, asikwambie mtu.

Mzigo funga nyuma kwenye keria na uwe chini, sawa pande zote mbili. Begi la mgongoni likiwa na maji na vyuma ukifika kilomita ya 40 mabega yanakua siyo yako.

Kufika Uvinza

Unaweza kupanda basi ukaifunga juu, lakini mimi nashauri treni ya kutoka Kigoma, kwa sababu unaiona njia nzima ukiwa umekaa na unahesabu stesheni ambazo kesho utazipita kinyume. Nenda stesheni mapema kuliko abiria wengine, baiskeli inapimwa na kulipiwa kama mzigo unapewa risiti, itunze hiyo risiti kama cheti cha ndoa. Toa pampu, chupa na taa ubebe mwenyewe, legeza usukani uukunje ulingane na fremu, afu zile gia za nyuma zifunge gazeti na mpira ili zisipondwe. Ratiba uliza kituoni wiki hiyohiyo.

Uvinza tafuta gesti, kula, lala. Kama umefika mapema zunguka kidogo, mji huu watu wamechemsha chumvi tangu kale kale, zaidi ya miaka elfu moja, maji ya chumvi yanabubujika kutoka ardhini karibu na pale mto Ruchugi unapoingia Malagarasi. Wafanyabiashara wa misafara walikua wanapita hapa kuchukua chumvi kabla hata reli haijawazwa. Nunua kidogo, ina kazi kesho.

Mto ukauangalie ila usiuingie. Malagarasi ina mamba na viboko, na yale maji ya pembeni yaliyotulia yana kichocho. Wenyeji watakuonyesha wanapochota, chukua ushauri wao hata kama unaona maji yametulia kama kwenye beseni, hasa kama yametulia kama kwenye beseni.

Asubuhi

Kunywa uji au chai na viazi vitamu, kula kweli, hata kama hujisikii. Kwenye chupa moja yenye lita 1 ya maji yaliyochemshwa weka vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi ya Uvinza, tikisa. Ile ni dawa ileile ya kuharisha wanayotengeneza nyumbani, na kwa mtu anayetoka jasho siku nzima inafanya kazi kuliko soda tatu. Nusu kijiko, usizidishe, maji yakiwa na chumvi kuliko machozi umekosea.

Kilomita 20 za mwanzo nenda polepole mpaka ujione mjinga. Jua liko mgongoni kwa sababu unaelekea magharibi, hewa baridi, miguu inadanganya, na hapa ndipo watu wanamalizia nguvu zao zote. Kipimo changu ni kuongea, kama huwezi kumsalimia mtu sentensi nzima bila kuhema punguza. Na kusalimia utasalimia sana, uko Uha sasa, sema "mwakeye" uone mtu anavyosimamisha jembe kucheka.

Malori. Reli mpya ya SGR kipande cha Tabora mpaka Kigoma, kilomita 506 ukijumlisha njia za kupishania, mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022, na kazi kama ile maana yake malori ya kokoto, saruji na nondo. Lori likija nyuma na lingine linakuja mbele usishindane, toka kabisa kwenye lami simama, wapite. Upepo wa lori nao ni hatari, likikufikia unasukumwa kwa nje afu likipita unavutwa kwa ndani, shika usukani kwa mikono yote miwili.

Kuhusu ile njia ya pembeni ya reli

Utaiona. Kuna kijinjia kimelimwa na miguu na matairi chini ya tuta la reli, kimenyooka, kinateleza vizuri, na kitakuita. Reli haiwezi kupanda mlima mkali kama barabara, treni ingeteleza, kwa hiyo waliojenga walitafuta mteremko wa taratibu, na kijinjia kinafaidi uleule.

Mimi kiliniita, nikaenda. Kilomita mbili za kwanza raha tupu, jua la asubuhi, kokoto upande wa kulia zinanuka oili na moto, mpaka nikafika kwenye kidaraja cha reli juu ya kijito. Kijinjia kikashuka korongoni kikaishia kwenye matete. Juu, mataruma tupu, kati ya taruma na taruma unaona maji chini, hamna ukuta hamna pa kukimbilia. Nikasimama nawaza niibebe baiskeli begani nivuke, hatua thelathini tu. Akatokea mzee mmoja na nyundo ndefu begani, mtu wa gengi, wale wanaokagua reli kwa miguu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unataka kufanya nini wewe kijana?"

"Nivuke tu mzee, nasikiliza kwanza kama treni inakuja."

Akaniangalia, akaangalia baiskeli. "Ukiisikia umechelewa. Upepo unatoka wapi sa hivi?" Nikasema nyuma yangu. "Na yenyewe inatoka mbele yako. Sasa masikio yako yatasikia nini? Rudi."

Nikarudi, na miiba miwili kwenye tairi la mbele kama nauli. Kwa hiyo mimi nakwambia usiingie. Kwanza hilo ni eneo la hifadhi ya reli na sheria hairuhusu, pili huyo mzee yuko sahihi. Mahali pa kuvuka reli ni kwenye vivuko tu, na ukivuka kata reli moja kwa moja, tairi likiingia kimshazari kwenye ule mfereji wa chuma linakamatwa na we unaruka.

Pancha

Itakupata, na huku kwenye lami mara nyingi siyo mwiba ni zile nyuzi za waya za matairi ya malori yaliyopasuka, nyembamba kama unywele. Ndo maana unaziba, unapampu, baada ya kilomita tano imeisha tena, waya bado uko ndani ya tairi unakusubiri.

Fanya hivi. Geuza baiskeli, toa upande mmoja wa tairi tu, vuta tyubu, pampu iwe nono usikilize karibu na shavu, shavu linahisi upepo kuliko kidole. Ukiona tundu paweke alama. Kabla hujaziba pima tyubu juu ya tairi uone tundu linaangukia wapi, afu pitisha vidole ndani ya tairi taratibu, taratibu nasema kwa sababu waya utakuchoma na hiyo ndo dalili kwamba umeupata, utoe kwa kucha au spana. Sasa sugua tyubu kwa msasa mpaka ule mng'ao uishe, paka solusheni kubwa kuliko kiraka, kisha subiri. Hapa ndo kila mtu anaharibu. Subiri mpaka ukigusa na kidole isinate, dakika tano, piga stori. Ndo unabandika unabana kwa nguvu. Rudisha tyubu ikiwa na upepo kidogo isije ikajikunja, malizia kuingiza tairi pale kwenye vali.

Mchana

Utapita Lugufu, palipokuwa na kambi kubwa ya wakimbizi wa Kongo, pori pori vijiji viko mbali mbali, hakikisha maji yapo. Kazuramimba ni katikati ya safari hivi na ni kijiji kikubwa, mimi napanga kufika saa 5, nakula ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa mawese, najaza maji naweka dawa ya maji, nalala chini ya mwembe mpaka saa 7 na nusu au 8. Usione aibu kulala. Jua la utosini huku halikai saa 6 kama vitabuni, kwa ile habari ya saa niliyosema linafika utosini saa 7, na joto lenyewe linakolea saa 8 na 9.

Kama saa 8 mchana bado hujafika Kazuramimba, kuwa mkweli na nafsi yako, pakia baiskeli kwenye basi au lori la mtu unayemuamini. Ukilazimisha utaingia mjini gizani kwenye barabara yenye malori.

Mchana jua linakuja usoni, vaa kofia yenye ukingo. Na siku nyingi upepo wa ziwa nao unakuja usoni, haukuambii tunakaribia unakuambia rudi. Shuka gia, inama, usiangalie mbele sana. Kula kidogo kidogo kila nusu saa, ndizi, karanga, kashata, ukisubiri njaa ikuume umechelewa, mwili unazima ghafla kama taa ya luku.

Kidahwe unakutana na barabara inayotoka Kasulu. Magari yanaongezeka, bodaboda zinakata kushoto bila taa, lakini zimebaki 28 na harufu ya hewa inabadilika. Bonde la mto Luiche utalipenda, mpunga, michikichi imesimama, watoto wanauza miwa, na reli nayo imeshuka bondeni humohumo kwenda ziwani. Kwenye miteremko bana breki ya nyuma kwanza afu ya mbele, achia, bana tena, ukizishikilia mwanzo mpaka mwisho rimu zinapata moto.

Usiishie round-about ya mjini ukajiita umefika. Shuka mpaka stesheni ya Kigoma, lile jengo la Mjerumani, pale ndipo reli iliyotoka Dar es Salaam inapokomea na ziwa liko mbele yako. Ndo kilomita yako ya mwisho. Ukishakunywa maji nenda Kibirizi, pembeni ya ziwa, utafute migebuka ya kuchoma, kula mbili.

Jambo moja la jioni hiyohiyo hata kama umechoka: ile chumvi ya Uvinza uliyobeba itoe kwenye keria. Mimi niliiacha, mfuko ulikua umetoboka ikadondoka kwenye cheni usiku kucha na unyevu wa ziwa, asubuhi cheni nzima rangi ya tofali. Suuza na maji baridi, kausha, weka oili. Na chumvi yenyewe hamishia kwenye chupa yenye kifuniko, mfuko wa rambo haufai.